Kanuni ya gharama inayoongezeka maradufu kila baada ya hatua kadhaa

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba gharama yako inaanzia shilingi 500 na kuongezeka maradufu kila baada ya hatua 10, na kwamba ulipoandika 500 × 2^n ulipata namba kubwa kupita kiasi. Tatizo ni kwamba n inahesabu hatua, ilhali kipeo kinapaswa kuhesabu gharama imekwisha kuongezeka maradufu mara ngapi.

Kuna kosa la pili ambalo mimi nililifanya nilipochimbiwa kisima. Tulikubaliana na fundi shilingi 20,000 kwa mita katika mita 4 za kwanza, kisha bei ya mita iongezeke maradufu kila baada ya mita 4, kwa kuwa kadiri shimo linavyokwenda chini ndivyo kupandisha udongo kwa ndoo kunavyochukua muda mrefu. Maji yalitosha kwenye mita ya 14. Niligawanya namba ya kila mita kwa 4, nikaacha desimali, nikatumia jibu kuwa kipeo, na jumla ikawa 1,020,000. Fundi, aliyekuwa akiandika daftarini mafungu ya mita nne nne, akasema anadai 880,000 tu, na alikuwa sahihi: kanuni yangu ilipandisha bei kwenye mita ya 4, wakati ilipaswa kupanda kuanzia ya 5.

Kwa hiyo toa 1 kabla ya kugawanya. Kwako ni 500 × 2^k, ambapo k ni sehemu nzima ya (n − 1) ÷ 10; katika Excel, namba ya hatua ikiwa kwenye kisanduku A2, utaandika =500*2^INT((A2-1)/10), ambapo INT ndiyo inayoacha desimali. Hatua ya 30 itagharimu 2,000, na ya 31 itagharimu 4,000.

Ukitaka gharama ipande kidogo kidogo badala ya kuruka, ondoa INT, na kila hatua itazidishwa kwa takribani 1.072. Usiweke asilimia 10 kwa kila hatua, kwani baada ya hatua 10 utapata mara 2.59, si mara 2.

Jumla ndiyo inayostahili kuangaliwa zaidi. Kwa mafungu m yaliyokamilika, kisima changu kingegharimu 80,000 × (2^m − 1): mafungu 3 ni 560,000, mafungu 4 ni 1,200,000. Fungu la nne peke yake, yaani 640,000, linazidi yote matatu yaliyotangulia yakijumlishwa.