Bolti ngumu zaidi si dawa ya mtetemo
Umeuliza kama bolti za 12.9 (daraja la ugumu lililo juu ya 8.8) zitaacha kulegea kwenye mota ya pampu. Ugumu peke yake hautoshi. Kinachoshika ni mkazo unaobaki ndani ya bolti baada ya kukazwa. Ukipungua, vipande vilivyofungwa huanza kuteleza upande kwa upande, na nati hujifungua yenyewe. Mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alilionyesha hilo mwaka 1969.

Mimi ningefunga 8.8 (hukatika kwenye megapaskali 800 hivi, na hubaki imevutika kuanzia 640), lakini ndefu kuliko hizo fupi zako. Sehemu inayobanwa ifike kama mara tano ya kipenyo, hata kwa kuweka bushi nene chini ya kichwa. Bolti ndefu huvutika zaidi inapokazwa, kwa hiyo rangi iliyo chini ya kichwa ikibonyea kidogo, bolti haipotezi mkazo wote. Rangi yenyewe ikwangue kwanza, tafadhali!

Washa ya springi (ile pete iliyokatwa, chini ya nati) itoe. Ikishakazwa inalala bapa tu. Tumia gundi ya kufungia nati au washa pacha za kabari (pete mbili zenye meno ya mteremko yanayokabana). Nati yenye nailoni inafaa pasipo na joto kali, mwisho nyuzijoto 120 hivi. Na ukaze kwa spana yenye kipimo, usikisie kwa mkono.