Nara ipe siku nzima, na mtu wa kukuonyesha

Mara ya kwanza nilikaa Nara, mji wa kale wa Japani, dakika tisini. Tulikuwa washiriki kumi na wawili wa mafunzo ya ufundi mjini Kobe, tukajiunga na safari ya basi ya Jumapili iliyoahidi kutuonyesha Kyoto na Nara kwa siku moja. Saa nane mchana basi lilitushusha karibu na bustani, tukaambiwa saa tisa u nusu kila mtu awe kwenye kiti chake. Nilinunua biskuti za kuwalisha kulungu wa bustani hiyo, nikapiga picha mbele ya sanamu kubwa ya Budha, nikarudi mbio. Usiku mke wangu aliponipigia na kuniuliza nimeona nini, nilimtumia picha. La kumsimulia sikuwa nalo.

Wiki tatu baadaye nilirudi kwa treni, peke yangu, na nikamlipa mwongozaji kwa siku nzima. Namwandikia yule anayekwenda Japani kwa masomo, biashara au mafunzo, mwenye siku moja tu ya kujipa. Wengi huniuliza: Kyoto au Nara? Kyoto ina mengi, lakini ni mji mkubwa, mahekalu yake yametawanyika, na siku inaweza kuishia ndani ya basi. Nara ulikuwa mji mkuu kabla ya Kyoto, kuanzia mwaka 710 hadi 784, na sehemu kubwa ya ule ukale utaifikia kwa miguu ukitoka stesheni. Kama siku ni moja, nenda Nara.

Ila kazi kubwa inafanyika kabla hujapanda treni. Mwandikie mwongozaji barua pepe, umweleze wewe ni nani. Mimi nilimwandikia kwamba nafundisha useremala Tanga, ni Muislamu, sili nguruwe wala chakula chenye pombe, na ningependa kuona mbao kuliko kitu kingine chochote. Wale wawili wa mwanzo niliowaandikia walinijibu kwa orodha ya vituo tisa, ileile wanayompa kila mtu. Wa tatu, mama wa makamo, alinijibu kwa maswali: natembea vizuri? Nimeshaona nini? Naswali saa ngapi? Kisha akaniandikia kwamba kwa mtu wa mbao ataondoa nusu ya vituo vyake vya kawaida. Hapo nikajua nimempata. Anayekubali kuacha vitu kwa ajili yako ndiye wa kumlipa.

Tangu mwaka 2018 sheria ya Japani inamruhusu hata asiye na leseni kuongoza wageni kwa malipo, lakini mtihani wa taifa wa waongozaji bado upo. Muulize kama ameufaulu, hataudhika. Wengi hutoza kwa siku na si kwa kichwa, kwa hiyo mkiwa wanne mnachangiana. Kama mfuko hauruhusu, wapo wanaojitolea, wakiwemo wanafunzi wa vyuo wanaotaka kuzoea Kiingereza. Hao unawalipia nauli, kiingilio na chakula cha mchana tu, mradi uwaombe mapema.

Tulikutana stesheni ya Kintetsu Nara. Zingatia jina hilo, maana stesheni ya JR, kampuni nyingine ya treni, iko mbali zaidi na bustani. Kutoka Kyoto treni ya Kintetsu huchukua kama dakika 45, na kutoka Kobe ipo ya moja kwa moja. Tulianza saa mbili asubuhi, kabla mabasi hayajafika.

Kulungu wako kila mahali, zaidi ya elfu moja. Wanahesabiwa watakatifu kwa sababu ya simulizi kwamba mungu wa hekalu la Kasuga Taisha alikuja Nara amepanda kulungu mweupe. Ukiinama, wengine nao wanainamisha vichwa kukuomba biskuti. Mwongozaji wangu alinifundisha jambo moja ambalo lingeniokoa safari ya kwanza, nilipong'atwa shati: biskuti zikiisha, fungua viganja vyote viwili uwaonyeshe kwamba huna kitu. Wanaondoka. Vuli jihadhari na madume, na mwanzoni mwa kiangazi usimsogelee jike mwenye mtoto.

Kisha tukafika Nandaimon, lango kuu la kusini la hekalu la Todai-ji. Safari ya kwanza nilipita chini yake bila kuinua kichwa. Safari hii mama yule alinisimamisha katikati, akasema, "Sensei, tazama juu." Sensei ni mwalimu, aliniita hivyo siku nzima, nami nikamwita kwa jina lake na kuongeza "san", kama heshima yao inavyotaka.

Nilitazama juu kwa muda mrefu. Lango hilo limesimama tangu mwaka 1199. Halina dari, kwa hiyo kiunzi chote kiko wazi mbele yako: nguzo zinazopanda moja kwa moja hadi karibu na paa, na mihimili ya kulala iliyopenyezwa katikati ya nguzo, ikatokea upande wa pili na kukazwa kwa kabari. Mtawa Chogen, aliyesimamia ujenzi mpya baada ya hekalu kuchomwa vitani mwaka 1180, aliutumia mtindo huo alioutoa China. Nimefundisha viungo vya mbao miaka kumi na moja, kwa vipande vya mninga vya urefu wa mkono. Pale kiungo kilekile kimebeba paa la lango la mita 25 kwa zaidi ya miaka mia nane, katika nchi ya matetemeko. Ndani ya lango wapo walinzi wawili wa mbao, kila mmoja zaidi ya mita nane, waliochongwa mwaka 1203 na Unkei, Kaikei na mafundi wao kwa siku 69. Hawakuchongwa kwenye gogo moja. Ni maelfu ya vipande vilivyounganishwa. Tulikaa hapo karibu saa nzima, na makundi matano au sita yakatupita.

Ndani ya ukumbi mkuu wa Todai-ji, kila mtu anaitazama sanamu ya Budha, na inastahili: ni ya shaba nyeusi, urefu wa karibu mita 15. Mfalme Shomu aliagiza itengenezwe mwaka 743, baada ya ndui kuua watu wengi nchini, na mwaka 752 mtawa Bodhisena kutoka India ndiye aliyeichora macho. Brashi yake ilifungwa uzi mrefu, watu wakaushika ili washiriki tendo hilo. Brashi ile na uzi ule vimehifadhiwa hadi leo. Lakini mama yule alinivuta kando, akanionyesha nguzo. Zimefungwa pete za chuma. Ukumbi uliteketea tena mwaka 1567, na ulipojengwa upya, ukakamilika mwaka 1709, miti minene ya kutosha haikupatikana. Mafundi wakachukua gogo la katikati, wakalizungushia vipande vingine na kuvibana kwa chuma. Boriti mbili kubwa za paa zililetwa kutoka kisiwa cha Kyushu, kusini kabisa. Na upana wenyewe ulipunguzwa, kutoka karibu mita 86 hadi 57, kwa uhaba wa miti na wa fedha.

Nilimweleza kwamba kwetu pwani nyumba za mawe za zamani zina vyumba vyembamba na virefu, kwa sababu upana wa chumba ulikatwa na urefu wa boriti ya mkoko. Aliitoa kalamu akaandika: bo-ri-ti. Tangu hapo hatukuwa tena mgeni na mwenyeji wake. Tulikuwa watu wawili wanaozungumza kuhusu miti.

Kuhusu ibada, najua wapo wanaosita. Mimi niliingia kama mtu anayetazama kazi ya mikono. Wenyeji walipoinama, nilisimama kando kwa adabu, na hakuna aliyenilazimisha lolote. Adhuhuri ilipofika, mama yule alikuwa ameshanitafutia kona tulivu ya bustani na dira ameishika mkononi. Alisimama mbali, akanipa mgongo, hadi nilipotoa salamu. Yote hayo yalitokana na barua pepe moja.

Chakula kinahitaji umakini. Supu ya tambi mara nyingi ni ya mifupa ya nguruwe, na pombe ya mchele huingia kwenye michuzi bila kuonekana. Achari maarufu za Nara, narazuke, hulowekwa kwenye machicha ya pombe hiyo, kwa hiyo nyingine hata harufu yake utaijua. Tulikula chagayu, uji wa mchele uliopikwa kwa chai iliyokaangwa, mwepesi, bila sukari. Aliyekulia uji wa asubuhi atauelewa upesi.

Mchana tulikwenda Naramachi, mtaa wa nyumba za wafanyabiashara wa zamani, nyembamba mbele na ndefu kwenda ndani, na vinyago vyekundu vya nyani vya kitambaa vikining'inia mlangoni kukinga mabaya. Hapo ningekushauri uombe karakana moja, yoyote, badala ya makumbusho ya tatu. Mimi nilipelekwa kwa mafundi wa wino. Nara wanatengeneza wino wa vijiti kwa masizi ya mafuta yanayochomwa kwenye vibakuli vya udongo, yakachanganywa na gundi ya ngozi, yakakandwa kama unga wa chapati. Kazi hiyo hufanywa miezi ya baridi tu, maana joto huozesha gundi. Niliwekewa donge la wino lenye joto kiganjani, nikaambiwa nilibane. Alama za vidole vyangu zimebaki humo. Kijiti hicho kilikauka miezi kadhaa na sasa kiko juu ya meza ninayoandikia.

Ukiweza kuchagua majira, kila vuli jumba la makumbusho la taifa la Nara hufungua kwa wiki mbili hivi maonyesho ya hazina ya Shoso-in, ghala la kale la Todai-ji lenye vitu vya enzi ya mfalme Shomu. Katika hazina hiyo imo biwa ya nyuzi tano, ala ya ukoo mmoja na udi wa taarabu yetu, yenye nakshi ya mtu aliyepanda ngamia huku akiipiga. Vitu vinavyoonyeshwa hubadilishwa kila mwaka, na mimi sikuikuta. Imebaki kuwa sababu yangu ya kurudi.

Madogo ya mwisho: vaa viatu vya kuvuliwa upesi na soksi zisizotoboka, beba fedha taslimu, na beba mfuko wa taka zako kwa sababu mapipa ni adimu. Bakshishi usitoe, mwongozaji atahangaika kukurudishia. Zawadi ndogo ya nyumbani inapokelewa kwa furaha. Nilimpa kanga, akaishika kwa mikono miwili na kuniomba nimsomee maandishi yake. Tulikuwa tumepanda kwenye baraza la Nigatsu-do, ukumbi wa Todai-ji ulio kilimani, ambako kiingilio hakuna na hapafungwi usiku. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mji. Nilimsomea, nikamfasiria, akarudia maneno ya Kiswahili moja moja hadi akayapata.