Chaja ya mapigo: betri haikuwa na kosa, waya ndio ulikula volti

Wiki mbili nzima nilikuwa namsema vibaya aliyeniuzia betri. Betri ya gari ya volti 12, saizi ya N70, ya mtumba, ya taa na redio hapa Uyole, Mbeya. Naichaji mchana kutwa, chaja inakata yenyewe kuonyesha imejaa, halafu saa tatu usiku redio inaanza kukoroma.

Chaja niliiunda mwenyewe: adapta ya laptop ya volti 19, taa ya mbele ya gari ya wati 55 iliyofungwa mfululizo kuzuia umeme usizidi kama ampea 3, mosfeti IRFZ44N (swichi ya kielektroniki) upande wa hasi, na IC 555, kile kidude cha kupima muda, ya kuiwasha na kuizima kwa mapigo. (555 ya kwanza niliiua kwa kuipa 19 moja kwa moja. Kikomo chake ni 16, tanguliza 7812, kidude cha kushusha volti hadi 12.)

Siku moja nikaiacha mosfeti imewaka mfululizo ili mita isiyumbe, nikapima kwenye bodi ya chaja: volti 14.4. Nikahamishia ncha kwenye vichwa vya betri: 13.8. Nilikuwa nimetumia waya wa spika wa nusu milimita ya mraba, mita mbili kwenda na mbili kurudi. Hiyo ni kama ohm 0.14, na kwa ampea 3 unapoteza volti 0.4. Zilizobaki zililiwa na klipu za mamba zenye kutu. Bodi ilidhani betri imejaa.

Njia ya kwanza niliyotumia ilikuwa kusokota waya na kufunga selotepu. Inafaa kujaribia mezani, basi. Kuchomelea kwenye bodi yenye vitundu ni kuzuri kwa 555 na resista zake, ila njia nyembamba za shaba zile usizipitishie umeme wa betri. Huo mimi naupitisha kwenye konekta za skrubu na waya wa milimita za mraba 2.5, mfupi, chanya na hasi zimesokotwa pamoja. Na ncha za waya unazokaza kwa skrubu usizipake risasi ya kuchomelea kwanza. Risasi ni laini, inabonyea taratibu, na baada ya mwezi skrubu imelegea.

Waya za hasi ndizo zilizonisumbua zaidi. Nilikuwa nimezipanga kama treni: adapta, kisha 555, kisha mosfeti. Kila pigo likipita, hasi ya 555 inacheza, mosfeti inachemka hadi huwezi kuigusa. Nikazikutanisha zote kwenye mguu wa sosi (source) wa mosfeti, ule wa upande wa hasi, joto likaisha. Waya za kupimia volti nazo nikazitoa peke yake, mbili nyembamba, hadi kwenye vichwa vya betri.

Fyuzi ikae karibu na betri. Funga betri kwanza ndipo uchomeke adapta, na wakati wa kutoa anza na adapta, maana cheche juu ya betri inayochemka ni hatari. Juni na Julai huku tunafunga madirisha kwa baridi, na gesi ya haidrojeni haina pa kutokea. Mimi nachajia barazani. Kwenye nyuzi 10 betri ya maji inataka karibu volti 0.3 zaidi kuliko kwenye nyuzi 25, kwa hiyo asubuhi za baridi nanyanyua volti ya chaja hadi 14.7.

Sasa redio inafika alfajiri. Kwa muuza betri bado sijapita.