Msimbo uko mtandaoni: je, wezi wanaweza kuingia kwenye mfumo wetu?

SWALI: Sisi ni kikundi cha kuzoa taka hapa Arusha, tunahudumia mitaa ya Sombetini na Ngarenaro. Kijana wetu mmoja alitufungia programu huria (zile ambazo msimbo wake, yaani maelekezo yaliyoandikwa na watengenezaji, uko wazi kwa yeyote kuusoma) kwenye seva ya kukodi, yaani kompyuta ya mbali iliyo hewani muda wote: Traccar ya kufuatilia magari, vihisi vya makontena vinavyotuma taarifa kupitia Mosquitto, programu ya kupokea na kusambaza ujumbe wa vifaa, na kanzidata ya PostgreSQL yenye majina ya wateja, namba zao za simu na malipo. Sasa amekuja wakala anayeuza “mfumo wa jiji janja”. Amewaambia viongozi wetu kwamba msimbo wa programu hizi uko mtandaoni, mwizi yeyote anaweza kuusoma, kwa hiyo taarifa za wateja wetu ziko nje. Viongozi wameingiwa na hofu, wanataka tuhame. Tufanyeje?

JIBU: Msihame kwa sababu hiyo, ndugu yangu. Maneno ya wakala huyo nimeyasikia kwenye vikao vingi mno, na kila mara yanatisha watu wasiostahili kutishwa.

Kinachosomeka mtandaoni ni maelekezo ya programu: inavyopokea nywila, inavyoihakiki, inavyoandika kwenye kanzidata. Nywila zenu hazimo. Majina ya wateja wenu hayamo. Mafundi pikipiki wa Arusha wanaijua injini ya Boxer nje ndani, lakini ujuzi huo hauwapi ufunguo wa Boxer yako. Kama wakala huyo anatumia simu ya Android, basi simu yake inaendeshwa na kiini cha Linux, programu ya msingi inayoendesha kompyuta, ambacho msimbo wake umekuwa wazi tangu miaka ya 1990. Mfumo anaowauzia nao kuna uwezekano mkubwa umekaa juu ya seva ya Linux. Mwulizeni.

Msimbo kuwa wazi hakuzuii uhalifu, na sitawadanganya juu ya hilo. Mwaka 2024 mtu aliyejipenyeza kwa muda mrefu katika mradi wa XZ, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika kwenye Linux, alipandikiza humo mlango wa siri. Aliyeugundua ni mhandisi Andres Freund, aliyeona kuingia kwenye mashine yake kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida. Alichimba mpaka akaukuta, akautangaza mwezi Machi kabla haujasambaa kwenye seva nyingi. Aliweza kwa sababu hakuhitaji kibali cha kampuni yoyote ili kufungua na kutazama. Kwenye mfumo uliofungwa, mteja anayehisi ucheleweshaji kama huo anaishia kupiga simu kwa muuzaji na kusubiri.

Wezi halisi huingia kwa njia rahisi zaidi. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka laki kadhaa za kamera na vifaa vingine vya mtandaoni kwa kujaribu tu orodha fupi ya nywila za kiwandani, zile za “admin” na “1234” ambazo wenye vifaa hawakuzibadilisha. Hakuna msimbo uliohitaji kusomwa.

Kwa hiyo mwombeni kijana wenu afungue faili la mipangilio la Mosquitto mkiwa mmekaa naye. Tangu toleo la 2.0, Mosquitto haimpokei mtu wa nje asiye na nywila mpaka mwenye seva aruhusu mwenyewe. Lakini vishoka wanaojifunza kazi kwa video za dakika kumi huandika mstari mmoja, allow_anonymous true, ili vihisi viunganike haraka, wapokee hela yao na waondoke. Mkiukuta mstari huo, basi mtu yeyote anayejua anwani ya seva yenu anaweza kusoma taarifa za makontena, na hata kutuma za uongo. Tazameni pia kama mlango wa mtandao namba 5432, ule wa PostgreSQL, unafikika kutoka nje, haupaswi kufikika. Nywila ya msimamizi wa Traccar ibadilishwe, na isiwe ile ile ya seva.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba hamkusema nani anasasisha programu hizo. Wengi wakisikia huria wanaelewa bure, na wakielewa bure hawatengi hata shilingi ya matunzo. Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza taarifa za mikopo ya watu, ilitumia Apache Struts, programu huria ya kujengea tovuti. Masahihisho ya tundu la usalama lililopatikana humo yalitolewa Machi 2017, kampuni haikuyaweka, wezi wakaingia Mei, na taarifa za watu wapatao milioni 147 zikaibwa. Mlipeni kijana huyo kila mwezi, au mtafuteni mwingine mumlipe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na haijali kama programu mlinunua au mlipakua.

Wala hili si lenu peke yenu. Halmashauri na taasisi zetu zinauziwa majiji janja yaliyofungwa kwenye boksi, na mkataba unapokwisha, taarifa zinaweza kubaki kwa muuzaji. Linganisheni na Ramani Huria ya Dar es Salaam: kuanzia 2015 wanafunzi wa vyuo na wakazi walichora mitaro, nyumba na njia za kata zinazofurika, wakaziweka OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyo mtandaoni. Mpaka leo yeyote anaweza kuzipakua na kuzifungua kwa QGIS, programu huria ya ramani, bila kuomba ruhusa. (Ramani ya mitaro ndiyo ya kuweka wazi. Orodha ya wanaodaiwa ada ya taka haiendi huko kamwe.)

Wakala akirudi, asiwaonyeshe tena skrini yenye rangi. Aingize wateja kumi wa majaribio, kisha mbele yenu awatoe wote kama faili la CSV, jedwali la maandishi ya kawaida, mnaloweza kulifungua bila programu yake. Halafu mkataba utaje kwa maandishi kwamba mtaweza kufanya hivyo siku yoyote, bila malipo, hata baada ya kuachana naye. Akikataa moja kati ya hayo, msisaini.