Je, Watazamaji Wengi Ndio Ubora?

SWALI: Mhariri, tamthilia niliyoipenda imekatishwa kwa madai ya kukosa watazamaji, ilhali mechi zisizo na msisimko hurushwa kila wiki. Je, idadi ndiyo kipimo cha ubora?

JIBU: Sicho, ndugu msomaji. Takwimu za watazamaji, ambazo nchini Marekani hukusanywa na kampuni ya Nielsen kutoka kwa sampuli ya kaya, huonyesha ni watu wangapi walitazama kipindi gani. Hazielezi kama mtazamaji alitokwa na machozi au alisinzia kochini. Kwa mwenye kununua muda wa matangazo ya biashara, idadi hiyo inatosha.

Mechi ina bahati yake: matokeo yakishajulikana utamu huisha, kwa hiyo watu huitazama papo hapo, matangazo yakiwemo. Tamthilia huweza kungoja. Tamthilia ya Kimarekani The Wire, iliyorushwa na kituo cha HBO kuanzia 2002 hadi 2008, haikuwa na watazamaji wengi ilipokuwa hewani, lakini ilivumiliwa kwa misimu mitano na kituo kinachoishi kwa ada za wateja wake.

Hata hivyo, michezo nayo imewahi kuonja shubiri. Tarehe 17 Novemba 1968, kituo cha televisheni cha NBC cha Marekani kiliacha mechi ya kandanda ya Kimarekani kati ya timu za Jets na Raiders ikiwa imesalia kama dakika moja, ili filamu ya Heidi ianze kwa wakati. Raiders wakafunga mara mbili na kushinda 43 kwa 32, huku wengi wakitazama milima ya Uswisi katika filamu hiyo, na simu za malalamiko zikaulemea mtambo wa simu wa kituo hicho.