Uvumi wa saa tatu usiku: ushauri kwa wanaojitolea kulinda amani mtaani

Kamati nyingi za amani nchini Kenya huzaliwa miezi miwili kabla ya uchaguzi na kufa wiki mbili baada ya matokeo. Fulana zinagawiwa, semina ya siku moja inafanyika hotelini, picha zinapigwa, basi. Mwaka 2007 matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 30 Desemba, na jioni ileile ghasia zikapamba moto. Kufikia mwisho wa Februari 2008, mkataba wa kitaifa ulipotiwa saini, watu zaidi ya 1,100 walikuwa wameuawa na mamia ya maelfu wamehama makwao. Hakuna anayeweza kuunda kamati katika jioni moja ya namna hiyo.

Uchaguzi ujao ni Jumanne, 10 Agosti 2027. Anayetaka kujitolea aanze sasa, wakati ugomvi wa mtaani bado ni wa choo cha pamoja, mbuzi aliyekula mahindi, kodi ya nyumba na pikipiki iliyomgonga mtoto. Watu humsikiliza mpatanishi waliyemwona akimaliza jambo dogo. Wakisikia sauti yake kwa mara ya kwanza siku ya mawe, watamuuliza ametumwa na nani.

Mfano ambao bado haujapitwa ni wa Wajir, kaskazini-mashariki mwa Kenya. Mwaka 1993, koo zikiwa zinauana, wanawake walianzia sokoni: walikubaliana kwamba mwanamke wa ukoo wowote auze na anunue bila kubughudhiwa, wakaweka watu wa kuangalia kama makubaliano yanashikwa. Kutoka hapo wakawafikia wazee, kisha vijana, kisha serikali, na mwaka 1995 kazi yao ikaingizwa rasmi katika kamati ya amani na maendeleo ya wilaya. Dekha Ibrahim Abdi, aliyekuwa mmoja wao, alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Kilichoanzisha yote kilikuwa kitu ambacho kila mtu angeweza kukiona kwa macho kila asubuhi: nani anauza nyanya na maziwa, na nani anafukuzwa.

Nani akae kwenye kamati

Watu 13 wanatosha kwa mtaa mmoja. Wakizidi 20, mkutano unakuwa baraza na siri haikai. Kosa la kawaida ni kujaza wapole: mchungaji, imamu, mwalimu mstaafu, mama wa chama. Hao wanahitajika, lakini peke yao hawawezi kuzuia kitu, kwa sababu wanaorusha mawe hawawasikilizi. Mtafuteni mwenyekiti wa stage ya boda boda, kiongozi wa vijana wa maskani, mwenye nyumba mmoja na mpangaji mmoja, mama mboga anayefungua kibanda alfajiri, na mtu wa duka la M-Pesa, ambaye husikia mengi. Wanawake wasipungue watano. Kila jamii kubwa ya mtaani iwe na watu wawili au zaidi, maana mtu akiwa peke yake kwenye kamati, wenzake nyumbani watamwita msaliti na hatakuwa na wa kumsimamia.

Wawaniaji wa viti, maajenti wa vyama na wanaolipwa na mwanasiasa wabaki nje, hata kama ni watu wema. Chifu na mzee wa Nyumba Kumi wafahamishwe kila hatua na waalikwe pale inapofaa, ila wasiwe wenyeviti. Wao ni serikali, na zipo siku ambazo upande mmoja unagombana na serikali yenyewe.

Kabla ya jambo lingine lolote, andikeni ukurasa mmoja wa nambari za simu: wanakamati wote, OCS (mkuu wa kituo cha polisi), chifu, zahanati iliyo karibu, dereva wawili wenye gari linaloweza kubeba majeruhi usiku, na watu wawili katika kila kona ya mtaa. Ukurasa huo uwe wa karatasi. Simu huibiwa, na hasa usiku wa fujo.

Uvumi

Hapa ndipo mtu wa kujitolea ana kazi ambayo polisi hawaiwezi. Uvumi mbaya hupenda saa mbili hadi saa tano usiku, watu wakiwa wamerudi kutoka kazini, simu ziko mkononi, na giza linazuia kwenda kutazama. "Wamechoma kanisa." "Kijana wetu amekatwa huko juu." Katika nusu saa ya kwanza watu huuliza. Baada ya hapo huanza kujikusanya.

Anayepokea habari aandike mambo matano kwenye daftari: maneno yenyewe kama yalivyosemwa, saa, mahali panapotajwa, aliyeleta, na kama aliyeleta ameona kwa macho au ameambiwa. Hilo la tano msiliruke kamwe. Ukimuuliza mtu kwa utulivu, "Wewe uliona?", mara nyingi mlolongo mzima unajifunua: kaambiwa na shemeji, aliyeambiwa na mteja.

Kisha piga simu kwa watu wawili wanaoishi karibu na mahali hapo, wa jamii tofauti, wasiojua kwamba mwenzao naye ameulizwa. Usiulize, "Ni kweli kanisa limechomwa?" Swali hilo linapanda uvumi kwenye kona mpya. Uliza, "Hapo kwenu kukoje? Ukisimama mlangoni unaona nini?" Wote wawili wakiona kitu kimoja, una jibu. Wakitofautiana, tafuta wa tatu. Ikiwa njia ni salama, wawili waende pamoja wakatazame. Mtu asiende peke yake, wala asiende na rungu mkononi akidai ni la kujikinga.

Picha zina ushahidi wake. Tazama sare za wanafunzi, namba za magari, maandishi ya mabango na lugha iliyoandikwa, aina ya udongo, kama ardhi ina maji ilhali kwenu hakujanyesha kwa mwezi. Gari lisilo na namba inayoanza na K huenda halimo hata Kenya. Picha nyingi zinazosambazwa ni za kweli, ila ni za mwaka mwingine au nchi nyingine.

Jibu litolewe ndani ya dakika 30, kwa njia ileile uvumi ulikopitia. Ulipita kwa sauti ya WhatsApp, jibu liwe sauti, ya mtu anayejulikana, kwa lugha ya wanaoogopa. Na maneno yake yachaguliwe. Ukisema, "Si kweli kwamba msikiti umechomwa," anayesikiliza nusunusu atabaki na neno "umechomwa". Sema, "Saa tatu na dakika arobaini tumeongea na watu wawili walio jirani na msikiti. Msikiti uko salama, mlango umefungwa, mlinzi yupo." Usitaje kabila la yeyote, wala usirudishe ile picha hata ukiwa umeichora msalaba mwekundu.

Ikiwa hamjui, semeni mnaendelea kuuliza na mtaje saa ya kurudi na habari, halafu mrudi saa hiyo. Na jambo likiwa kweli, lisikanushwe kwa nia njema ya kutuliza. Kamati iliyowahi kudanganya mara moja ili kuleta utulivu haitaaminiwa tena ikisema ukweli. Semeni lililotokea, majeruhi wako wapi, na nani anashughulikia.

Njia hii imewahi kufanyiwa kazi kwa upana katika Tana Delta, baada ya mapigano ya Wapokomo na Waorma ya 2012 na 2013. Mradi ulioitwa Una Hakika ulipokea uvumi kwa ujumbe wa simu na kupitia mabalozi wa kujitolea vijijini, ukauchunguza, ukarudisha jibu kwa waliouliza. Jina lenyewe ni swali la kuwafundisha watu wote mtaani.

Kukalisha pande mbili

Msianze kwa kuwaweka waliogombana chumba kimoja. Wanakamati wawili, mmoja wa kila jamii, waende pamoja kwa upande wa kwanza, kisha kwa upande wa pili, siku hiyohiyo, wakae muda sawa kila mahali. Dakika 40 zikitumika huku, zitumike kule, watu huhesabu. Kwa kila upande maswali ni machache: nini kilitokea, ni nini kinachokuumiza zaidi, na ni jambo gani likifanyika utalala usingizi. Jibu la swali la mwisho mara nyingi ni dogo kuliko kelele zilizotangulia. Aliyegongewa mtoto anataka bili ya hospitali na mwenye pikipiki aje mwenyewe aseme pole, asimtume mtu.

Kikao cha pamoja kifanyike siku ya tatu hadi ya tano. Mapema zaidi, hasira bado ni mbichi. Baadaye zaidi, maskani zimeshaamua lao. Darasa la shule siku ya Jumamosi asubuhi ni pazuri kuliko kanisani, msikitini au ofisini kwa chifu, isipokuwa mtaa wenu una Wasabato wengi. Viti vipangwe nusu duara ili wahusika wamtazame mpatanishi, wasitazamane uso kwa uso. Chai inywewe pamoja kabla ya maneno kuanza, na anayekataa kikombe aulizwe faraghani kinachomkera kabla hamjaendelea.

Vijana wawemo. Makubaliano ya wazee watupu huvunjwa usiku uleule na wale ambao hawakuulizwa, na wazee hubaki wakishangaa.

Makubaliano yaandikwe ukurasa mmoja kwa lugha wanayoisoma wote: nani atafanya nini, kufikia tarehe gani, shilingi ngapi, mkononi mwa nani, mbele ya shahidi gani. Nakala tatu. Fidia ya kulipwa kidogokidogo ndiyo huharibika zaidi. Malipo hukatika wiki ya tatu au ya nne, na ugomvi hurudi ukiwa na deni juu yake. Kwa hiyo watembeleeni wote siku ya 3, ya 14 na ya 30, hata kama hakuna aliyelalamika.

Yasiyopatanishwa

Ubakaji, unajisi wa mtoto, mauaji, ukeketaji, kujeruhi kwa panga: haya hayaletwi kwenye kikao. Ibara ya 159 ya Katiba ya 2010 inakubali njia za kimila za kutatua migogoro, na papo hapo inakataza zitumike kukiuka haki za binadamu. Wapo wazee ambao bado hupokea mbuzi kwa niaba ya msichana aliyenajisiwa. Kamati ikikaa kwenye kikao kama hicho, hata kwa kunyamaza, imeshiriki. Vilevile mila ya dia, yaani fidia ya damu, inayomhesabu mwanamume ngamia 100 na mwanamke 50 haiwezi kusimamiwa na watu wanaosema wanajenga amani.

Aliyebakwa apelekwe hospitali mara moja, kabla ya kuoga, maana dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianzwe ndani ya saa 72. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Zikiwekwa kwenye mfuko wa nailoni huvunda na ushahidi unaharibika. Polisi watatoa fomu ya P3, ambayo daktari hujaza kueleza majeraha, lakini matibabu hayangoji fomu. Nambari 1195 hupokea taarifa za ukatili wa kijinsia, na 116 ni ya watoto. Zote mbili ziandikwe kwenye ule ukurasa wa simu.

Siku ya maandamano

Kuandamana kwa amani, bila silaha, ni haki chini ya Ibara ya 37. Waandalizi wanatakiwa kumjulisha OCS siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla, na kamati inaweza kuwasaidia kuandika barua hiyo na kubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Njia itembewe siku moja kabla: wapi kuna kokoto za ujenzi, wapi kuna matairi, wapi ni uchochoro usio na pa kutokea. Mwenye kokoto aombwe kuzifunika au kuzihamisha.

Wa kujitolea watembee wawili wawili, pembeni mwa msafara, wakiwa na vizibao vyeupe. Njano, chungwa, nyekundu na buluu zina vyama vyake, na rangi moja tu isiyofaa huwatosha watu kuamua mko upande gani. Mawe yakianza kuruka, tokeni katikati. Kazi yenu hapo ni kuwatoa watoto na wazee na kuwaosha macho kwa maji safi walioingiwa na moshi wa machozi. Kusimama kati ya mawe na risasi hakumwokoi mtu yeyote, na kumewagharimu watu maisha.

Pesa na uchovu

Mtu wa kujitolea asilipwe, lakini pia asitumie nauli yake. Kamati iwe na mfuko mdogo wa nauli na muda wa maongezi, unaochangiwa na misikiti, makanisa, wenye maduka na vyama vya akina mama, na hesabu isomwe kwa sauti kila mwisho wa mwezi. Pesa ya mwanasiasa irudishwe mbele ya mashahidi, hata ikiwa ni ya maji ya kunywa. Semina zenye posho nazo zina hatari yake: wanaohudhuria huwa ni walewale watatu, na wengine wanaacha kuja mikutanoni. Mpangeni zamu ya kwenda.

Mafunzo yapo ya kweli. Yale ya Alternatives to Violence Project, yaliyoanzishwa na Wakweka (Wakristo wa Quaker, waitwao pia Marafiki) pamoja na wafungwa katika gereza la Green Haven, New York, mwaka 1975, yamefika Kenya, Rwanda na Burundi. Warsha ya kwanza huwa ya siku tatu, watu wakikaa mduara na kujifunza kwa mazoezi badala ya hotuba.

Anayepokea simu za usiku asizipokee zaidi ya usiku mbili mfululizo. Aliyemwona mtu akifa asirudi zamu wiki hiyo, na mwenzake amtembelee nyumbani. Simu ya kamati iwe moja, ikabidhiwe saa kumi na mbili jioni mkono kwa mkono, ikiwa imejaa chaji na ina muda wa maongezi, pamoja na daftari, kalamu mbili na ule ukurasa wa nambari.