Lenzi za kulala nazo: nimezivaa mwaka wa tatu sasa

Mkuu, umeuliza kama zile lenzi unazolala nazo, asubuhi ukazitoa na kuona mbali bila miwani, ni za kweli au utapeli, na kama ukizivaa mwaka mzima macho yanapona. Namba yangu ya miwani ilikuwa -3.50 macho yote mawili (alama ya kutoa ni ya mtu asiyeona mbali), nikatengenezewa za kwangu Guangzhou, China, nilipokuwa nasoma. Kule wanaziita OK tu, watoto wa shule wanazivaa kibao.

Za kweli. Kupona, sahau.

Lenzi ni ngumu, inapitisha hewa, na ndani imechongwa bapa katikati. Ukilala, machozi yaliyobanwa chini yake yanausukuma utando wa juu wa konea, kile kioo cha mbele ya jicho, katikati panakuwa bapa. Ni kama alama za mkeka shavuni: unaamka nazo, baadaye zinafutika. Ukiacha kuvaa, jicho linarudi lilikokuwa.

Usiku wa kwanza nililala kama nina mchanga jichoni. Asubuhi nikasimama dirishani, namba za mabasi ng'ambo ya barabara nikazisoma, kwa ukungu kidogo. Baada ya wiki hivi ukungu ukaisha. Taa za magari usiku bado naziona na duara la mwanga, hilo sikufichi.

Kuna siku nilikuja Dar msibani nikazisahau. Siku ya tatu, bila miwani sioni, nikivaa ya zamani ni kali mno, kichwa kinagonga. Nikaishia kuazima ya binamu yangu, ya rangi ya waridi, nikaenda nayo makaburini.

Sasa kubwa: maji. Kile kikopo cha kuhifadhia nilikuwa nakisuuza kwa maji ya bomba. Asubuhi moja jicho la kushoto jekundu, linauma, mwanga silitaki hata wa simu. Nikapewa matone ya antibayotiki, lenzi marufuku mpaka daktari aseme. Nilipona, lakini kwenye maji kuna kijidudu, akantameba, kikiingia kwenye konea unaweza kupofuka. Ya bomba, ya chupa, yote acha. Tumia dawa ya kusafishia lenzi tu. Na asubuhi ikigoma kutoka usiivute: weka matone ya kulainisha jicho, pepesa, subiri mpaka icheze.

Umesema wewe ni -7.25. Hapo pagumu. Wamarekani walipoidhinisha za kulala nazo mwaka 2002, kikomo kilikuwa -6.00. Ningekuwa wewe ningemfikiria zaidi huyo binti yako ambaye namba inapanda kila mwaka. Utafiti wa Hong Kong wa 2012 ulifuatilia watoto miaka miwili, na macho ya waliovaa hizi yalirefuka polepole kwa 43% kuliko ya wenye miwani. Jicho likirefuka ndiyo namba inapanda. Yalirefuka bado, ila polepole.

Kabla hujatoa hela, uliza kama wana mashine ya kuchora ramani ya konea. Akikupima kwa ubao wa herufi peke yake kisha akataja bei, chukua begi lako uondoke.